Chombo cha Kutuongoza Njia: Tukichague Vipi?

Safari ni jambo lisiloepukika katika maisha ya binadamu. Mtu husafiri kutafuta riziki, husafiri kutafuta elimu, husafiri kuwazuru jamaa zake, na husafiri kumpeleka mgonjwa hospitali au kwenda kuzika. Na tangu kale wazee wetu walijua kwamba msafiri ana haja ya vitu vitatu: masurufu ya njiani, mwenzi wa safari, na mtu ajuaye njia. Katika zama zetu hizi haja hii ya tatu imepatiwa chombo. Ni chombo kidogo kibandikwacho mbele ya dereva, chenye kioo cha ramani na sauti ya kumwambia, "Pinda kushoto baada ya mita mia mbili." Wengi hukiita GPS tu, na wengine hukipata ndani ya simu zao.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kukichagua chombo hiki na namna ya kukitumia, kwa sababu mbili. Kwanza, fedha za nyumba ni amana, na wako wengi wanaonunua kitu kizuri kwa macho lakini kisichojua hata barabara moja ya nchi yao. Pili, wako watu waliokitii chombo hiki kuliko macho yao wenyewe, wakapata hasara kubwa, na wengine wakapoteza roho.

Asili ya Elimu Hii

Kuongozwa kwa vitu vilivyo juu si jambo geni kwetu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamal. Nahodha aliuuma uzi kwa meno, akausogeza ubao mpaka ukingo wake wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota ya kaskazini, kisha akahesabu mafundo na kujua amefika wapi. Ahmad bin Majid wa Julfar, mji ambao leo uko katika Ras al-Khaimah, aliandika vitabu vya elimu hii katika karne ya 15. Kabla yake, mwaka 1025, Al-Biruni alimaliza kitabu kizima juu ya namna ya kupima mahali ilipo miji, na mojawapo ya makusudio yake ilikuwa kuijua Kibla ya mji wa Ghazna kwa hesabu iliyo sahihi.

Chombo cha leo hutumia nyota zilizotengenezwa na watu. Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978, na mwaka 1995 wakatangaza kwamba mpango wao umekamilika. Setilaiti hizo hazipungui 24, nazo huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikizunguka mara mbili kwa siku. Mpaka mwezi wa Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiyaharibu kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Kizuizi hicho kilipoondolewa, ndipo chombo hiki kilipofaa kwa mitaa ya mjini. Siku hizi Warusi wana setilaiti zao ziitwazo GLONASS, Wazungu wa Ulaya wana Galileo, na Wachina wana BeiDou.

Kila setilaiti hubeba saa iliyo sahihi mno, na hutangaza daima: "Mimi niko mahali fulani, na saa yangu ni hii." Chombo chako husikia tangazo hilo, kikapima limechelewa kiasi gani njiani, na kwa kuchelewa huko kikajua umbali wa setilaiti. Kikisikia setilaiti nne, kinajua kilipo. Kwa kuwa mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali patakosewa kwa mita 300.

Hapa lipo jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Chombo husikiliza tu, wala hakiitumii setilaiti neno lolote. Usikilizaji huo hauna malipo, hauhitaji bando, na hufanya kazi hata porini pasipo mnara wa simu. Bando huliwa na ramani inayoteremshwa na habari za foleni. Mwenye kulifahamu jambo hili amekwisha kuzifahamu nusu za hoja za uchaguzi.

Simu au Chombo cha Pekee?

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, nina haja ya kununua kitu kipya? Mwenye simu ya kisasa tayari anacho kipokezi cha GPS mfukoni. Kwa mtu aendeshaye gari ndani ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, simu ina fadhila moja kubwa, nayo ni habari za foleni. Habari hizo hupatikana kwa kutazama mwendo wa simu nyingine zilizo barabarani, na chombo cha pekee kisichounganishwa na mtandao hakiwezi kuzijua. Tena ramani ya simu husahihishwa mara kwa mara bila gharama.

Lakini simu ina kasoro zake. Ikipigwa na jua la mchana juu ya dashibodi hupata moto na kuzimika. Mtu akipiga, sura yake huifunika ramani pale pale penye njia panda. Betri huisha upesi, na bando likikatika njiani, ramani ambayo haikuhifadhiwa huwa karatasi tupu. Chombo cha pekee, kama vile vya Garmin na TomTom, kimebeba ramani yote tumboni mwake, kioo chake ni kipana, sauti yake ni kubwa, nacho kimetengenezwa kustahimili joto la gari. Kasoro yake ni kwamba ramani yake huzeeka.

Basi rai yetu ni hii. Mtu wa safari za mjini hana haja ya kutoa fedha nyingi. Atosheke na simu yake, anunue kishikizo imara na chaja nzuri ya gari, na ahifadhi ramani ya mkoa wake ndani ya simu wakati ana mtandao wa bure au wa bei nafuu. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi hivyo bila mtandao kabisa, na Google Maps pia huruhusu kuhifadhi eneo. Lakini dereva wa safari ndefu za mikoani, mwenye kupita siku nzima mahali pasipo mtandao, au mwenye kuendesha gari la biashara kila siku, huyo chombo cha pekee chaweza kumfaa.

Ramani Ndiyo Roho Yake

Aingiaye dukani huonyeshwa kioo na rangi. Yampasa aulize ramani. Chombo bora kuliko vyote, kikiwa na ramani ya Ulaya pekee, hakina faida kwa mtu wa Tanga.

Jambo hili twaliona wazi katika magari yaletwayo kutoka Japani. Mengi huja na chombo cha njia kilichojengwa ndani, kinachosema Kijapani na chenye ramani ya Japani. Gari likiwa Buguruni, kioo huonyesha bahari tupu au kibaki kilekile cha bandari ya huko lilikotoka. Wako mafundi wanaoahidi kukigeuza. Ushauri wetu ni kwamba usilipe hata senti mpaka uone kwa macho yako ramani ya nchi yako ikitembea pamoja na gari. Aghalabu ni rahisi zaidi kuking'oa na kuweka redio mpya yenye kuunganishwa na simu.

Kwa anunuaye chombo cha pekee, twapendekeza mtihani wa mambo matano, ufanywe dukani kabla ya kulipa. Tafuta mtaa wako. Tafuta msikiti wako wa Ijumaa. Tafuta hospitali iliyo karibu nawe. Tafuta kijiji cha wazazi wako. Kisha tafuta daraja au barabara iliyofunguliwa karibuni: kwa mtu wa Dar es Salaam, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, kwa mtu wa Nairobi, ile barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway iliyofunguliwa mwaka huohuo, kwa mtu wa Mwanza, daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita tatu, lililozinduliwa mwezi wa Juni 2025. Ikiwa ramani bado inakupeleka kungoja pantoni pale Kigongo, jua kwamba imezeeka. Chombo kikishindwa mambo mawili katika hayo matano, kirudishe juu ya meza.

Uliza pia juu ya kusahihishwa kwa ramani. Maneno "ramani za maisha" yaandikwayo juu ya boksi hayana maana ya maisha yako wewe. Maana yake ni maisha ya chombo, yaani muda ambao kiwanda kitaendelea kukihudumia. Na kusahihisha huko huhitaji mtandao wenye nguvu, kwa sababu mafaili yake ni makubwa. Kwa wapitao njia za mbugani, ziko pia ramani za Tracks4Africa kutoka Afrika ya Kusini, zilizotengenezwa kutokana na njia walizorekodi wasafiri wenyewe.

Kioo, Sauti na Umeme

Kwa gari dogo kioo cha inchi tano kinatosha. Inchi sita au saba humfaa mwenye macho dhaifu au gari kubwa, mradi kisimzibe dereva asione mtembea kwa miguu. Kitazame kioo nje ya duka, juani, maana ndani ya duka kila kioo kinang'aa.

Sauti ina thamani kuliko kioo, kwa kuwa macho ya dereva yana kazi nyingine. Isikilize yote kabla ya kununua. Je, lugha yake waifahamu upesi bila kufikiri? Je, hutaja jina la barabara, au husema "pinda kulia" tu? Baba asiyejua Kiingereza vizuri asinunuliwe na wanawe chombo kisemacho Kiingereza cha haraka. Kitamtia wasiwasi badala ya kumwongoza.

Betri ya chombo cha pekee ni ndogo, kwani kimetengenezwa kula umeme wa gari kwa njia ya tundu la kuwashia sigara. Magari madogo yana volti 12, na malori mengi yana volti 24. Kwa hiyo mwenye lori ahakikishe chaja yake yakubali zote mbili. Tena viko vyombo maalumu vya malori, ambamo dereva huandika urefu na uzito wa gari lake ili asipelekwe chini ya daraja fupi. Kwa atakayetumia chombo mjini kwa miguu, aulize kama kina namna ya waendao kwa miguu, maana mtembeaji hafungwi na barabara za njia moja.

Mwisho katika sehemu hii, uliza kama chombo kinasikia setilaiti za mataifa mengine pamoja na GPS. Kadiri setilaiti zinavyozidi, ndivyo kinavyopata mahali upesi. Na hii huonekana hasa Kariakoo na mahali kama hapo, ambapo maghorofa huziba anga na mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika. Hapo chombo chaweza kukuweka mtaa wa pili, nawe umesimama mtaa wa kwanza.

Vyombo vya Mitumba

Vyombo vilivyotumika huuzwa kwa bei ndogo, na kununua cha mtumba si aibu. Lakini lipo jambo moja la kukagua. Setilaiti za GPS huhesabu majuma, na hesabu yao ya asili ikifika majuma 1,024 hurudi sifuri, yaani kila baada ya miaka 20 kasoro kidogo. Ilirudi sifuri mwezi wa Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019, na itarudi tena mwezi wa Novemba 2038. Vyombo vya zamani ambavyo havikusahihishwa viliharibikiwa na tarehe. Kwa hiyo kiwashe chombo cha mtumba, kitoe nje penye anga wazi, kingoje kishike setilaiti, kisha uangalie tarehe. Ikiwa tarehe si ya leo, kiache.

Usikihukumu, hata hivyo, kabla ya wakati. Chombo kilicholala miezi mingi huhitaji kujifunza upya mahali zilipo setilaiti, na tangazo lote zima la setilaiti huchukua dakika 12 na nusu. Kipe robo saa mahali pasipo dari wala mti.

Namna ya Kukitumia

Anwani za kwetu zina mitego. Majengo iko Nairobi, iko Mombasa, iko Moshi, na iko Dodoma. Mwenye kuandika "Majengo" na kubonyeza jina la kwanza aweza kusafiri siku nzima kuelekea harusi isiyo yake. Soma jina la mji chini ya jina la mtaa. Na ukipewa mahali kwa tarakimu, kumbuka kwamba nchi zilizo kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa. Dar es Salaam iko kama -6.8 na 39.3. Ukiisahau alama hiyo, chombo kitakutafutia njia ya kwenda Ethiopia.

Tazama pia matengenezo ya ndani. Ukichagua "njia fupi", chombo chaweza kukupitisha njia ya matope ili kuokoa kilomita moja. Chagua "njia ya haraka", na ukiamuru kiepuke barabara zisizo na lami, kiamuru wakati wa masika hasa. Vivyo hivyo juu ya vivuko na barabara za kulipia: aendaye Kigamboni aamue mwenyewe kama atapita kwa pantoni au juu ya daraja, asiamuliwe na mashine. Na pale Nairobi ambapo barabara ya kulipia imejengwa juu ya ile ya chini, chombo huweza kushindwa kujua kama uko juu au uko chini, kwa sababu mahali ni palepale.

Andika mwisho wa safari kabla ya kuondoa gari, wala usiandike ukiwa unaendesha. Kishikizo kisiwekwe mahali utokapo mfuko wa hewa, wala katikati ya kioo cha mbele. Ukishuka, kiondoe chombo na ufute ile alama ya duara inayobaki kiooni, kwani mwizi huijua. Na mahali panapoandikwa "Nyumbani", usiweke mlango wa nyumba yako. Weka kituo cha polisi au duka la jirani, ili atakayekiiba asiongozwe mpaka kwako wakati hamko.

Tahadhari Kubwa

Mwezi wa Agosti 2009, huko Marekani, mama mmoja aliingia katika jangwa la Death Valley pamoja na mwanawe mdogo, akikifuata chombo chake katika njia iliyoachwa. Gari likazama mchangani. Walipopatikana baada ya siku kadhaa, mtoto alikuwa amekwisha fariki kwa joto na kiu. Walinzi wa mbuga ile walisema wameona mambo ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 2012, huko Australia, wageni watatu wa Kijapani waliambiwa na chombo kwamba iko njia ya gari kwenda kisiwa cha North Stradbroke. Wakaingia katika matope ya bahari wakati wa maji kupwa. Maji yakajaa, nao wakaliacha gari wakatoka kwa miguu.

Chombo hakina macho. Hakijui kwamba jana mvua ilibomoa daraja, wala kwamba mtaa umefungwa kwa maziko. Kinajua kilichoandikwa, na aliyekiandika ni binadamu. Kwa hiyo yampasa dereva kutanguliza macho yake, kisha vibao vya barabarani, kisha maneno ya wenyeji, na chombo kiwe mshauri wa nne. Kwa safari ya nyikani, maji na chakula vibebwe, na mtu aliyebaki nyumbani aambiwe njia mtakayopita.

Neno juu ya Kibla pia halina budi kutajwa, kwa kuwa wasafiri wengi hukitumia chombo hiki kuitafuta. Kipokezi cha GPS chajua kilipo, lakini gari likisimama hakijui limeelekea wapi; uelekeo hukijia kwa mwendo. Simu hutumia dira ya sumaku iliyomo ndani yake, na dira hiyo hudanganywa na chuma cha gari. Toka ndani ya gari, nenda mbali nalo kwa hatua kadhaa, ndipo utazame. Na kwa watu wa pwani yetu, Makka iko karibu kaskazini kamili. Simu ikikuelekeza magharibi ukiwa Tanga, tazama lilipo jua kabla ya kuiamini.

Neno kwa Vijana

Ramani haikushuka kutoka mbinguni. Imechorwa na watu, nanyi mwaweza kuichora. Kibera ya Nairobi ilikuwa kama doa tupu katika ramani mpaka vijana wake walipoichora wenyewe mwaka 2009. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji wa mitaa walifanya kazi iitwayo Ramani Huria, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji ya mitaa inayopatwa na mafuriko, na kazi yao ikaingizwa katika ramani ya OpenStreetMap ambayo kila mtu huitumia bure. Ikiwa zahanati ya mtaa wenu haimo, iandikeni. Huenda usiku mmoja dereva mgeni aliyembeba mama mwenye uchungu akaitafuta, naye akaipata kwa sababu yenu.

Tena msiiache akili ikalala. Mwaka 2017 wataalamu wa University College London walichunguza bongo za watu 24 waliokuwa wakitafuta njia katika mfano wa mitaa ya London, wakaona kwamba ile sehemu ya ubongo yenye kazi ya kukumbuka njia hufanya kazi kwa bidii mtu anapoitafuta mwenyewe, na hutulia anapofuata maagizo ya chombo. Kwa hiyo, njia ya nyumbani, ya msikitini, ya shuleni na ya hospitali zijulikane kwa kichwa na kila mtoto wa nyumba. Wazazi wawapitishe watoto wao njia hizo kwa miguu, wawaonyeshe mbuyu, duka na kona, na wawaulize majina ya mitaa. Siku betri itakapokufa, elimu hiyo ndiyo itakayowarudisha nyumbani.